Birika la Fernand

Jiji la Montreal huhama kwa siku moja. Tarehe mosi Julai mikataba ya nyumba inakwisha, na watu wanapishana kwenye ngazi za chuma za nje, friji mgongoni, matusi mdomoni. Aliyeanzisha balaa hili hakuwa na kabati la urithi wa bibi yake.

Ghislaine Thibodeau alilizoea balaa hilo. Alizaliwa mtaa wa Verdun, kando ya mto, akashona makoti ya manyoya kiwandani mpaka macho yakachoka, akaolewa na Fernand, dereva wa basi. Wakahama huku na huku wakifuata kodi nafuu. Kila walipohama, Fernand alitangulia na birika, ili mkewe akifika akute chai. Vitu vingine vilifuata baadaye.

Mwaka huu walitoka ghorofa ya tatu, mtaa wa Rosemont, wakienda nyumba ya chini, kwa kuwa akili ya Fernand ilikuwa imeanza kumtoka na ngazi zingemuua. Asubuhi, ili mzee atulie kitini, Ghislaine alimpa birika alishike. Hapo ndipo alipokosea. Alipomaliza kugombana na mwanawe Sylvain juu ya kabati, kiti kilikuwa kitupu.

"Sylvain! Baba yako yuko wapi?"

"Si alikuwa hapo na birika lake?"

Ghislaine akaelewa mara moja. Mzee ametangulia. Lakini ametangulia nyumba ipi?

"Mama, kaa chini, niwapigie polisi."

"Wapigie! Mimi sikai."

Akaenda Mile End, ambako walipanga zamani juu ya duka la mikate. Njiani kila sofa iliyotupwa kando ya barabara aliikagua, mumewe asije akawa amelala pale. Mwokaji, mzee mwenzao, alitoka na unga mikononi.

"Fernand? Kapita hapa, kanisalimia kama tulionana jana. Nikamwuliza, wewe, birika la nini? Akasema anakwenda kumchemshia bibi harusi. Nikacheka, nikajua utani wake ule ule. Kapanda basi."

"Na wewe ukamwachia!"

"Ghislaine, mtu kasema anakwenda kwa mkewe!"

Bibi harusi. Kumbe ni Saint-Henri, nyumba yao ya kwanza, karibu na mfereji. Ghislaine akakimbilia metro, treni ya chini ya ardhi. Ndani, katikati ya vijana waliopakata vyungu vya maua, hakuona kitu ila maji. Alipofika alipita kwanza mferejini, akatafuta kofia ya bluu ya mumewe ikielea. Aliona bata tu, akawachukia.

Ngazi ya nyumba ile ilikuwa ile ile, iliyojipinda kama konokono. Siku ya kwanza ya ndoa aliipanda akilia kwa hofu, Fernand akimcheka kutoka juu. Sasa aliipanda kwa mikono na miguu, bila haya. Mlangoni alisimama msichana mwenye rangi ya kupaka ukuta nywelani.

"Bibi, huyu ni wako? Kaja na birika, anasema anahamia. Na sisi ndio tunahamia! Tukaona aibu kumfukuza, tukamwashia jiko."

"Ni wangu, mwanangu. Mungu akubariki, ni wangu."

Fernand alikaa juu ya boksi, vikombe viwili vya watu mbele yake.

"Umechelewa, Ghislaine. Ngazi zimekutisha tena?"

"Zimenitisha, mume wangu. Zimenitisha sana."

"Mwoga wewe. Haya, kunywa."

Akanywa, akilia na kucheka. Kisha akamshika mkono. "Twende nyumbani sasa."

Fernand akatazama kuta zisizo na kitu, akamtazama mkewe kwa huruma, kama mtu anayemwonea huruma mgonjwa. "Nyumbani wapi tena? Si ndio hapa?"

Ghislaine akaweka kikombe chini. Kila nyumba waliyoishi jijini humu angeweza kwenda kumtafuta, na angemkuta. Nyumba moja tu Fernand hataijua njia yake kamwe, nayo ni ile waliyohamia leo.