Sahani ya Mama Paola

Enzi zetu pale Fisksätra, kitongoji cha mji mkuu wa Uswidi, Jumapili ilianzia puani. Hujafumbua macho, vitunguu vimeshakaangwa ghorofa ya tatu, harufu imeshuka ngazi, imepenya chini ya mlango wetu wa ghorofa ya kwanza na kukaa kitandani kama mwenye nyumba. Ninyi mliokulia vitongoji vingine, Fittja au Jordbro, mna harufu zenu, sikatai. Ila sisi wa Fisksätra, tuliokwenda mjini kwa kitreni cha Saltsjöbanan kilichochelewa kila theluji ilipodondoka, tulilelewa na Wachile.

Walifika kabla yetu, wakiwakimbia wanajeshi waliopindua serikali yao, na nyuma yao wakaja watu wa Uruguay na kwingineko. Nilipopata akili, mtaa ulishakuwa wao. Mpira ulipigwa kwa Kihispania. Ugomvi wa zamu kwenye chumba cha kufulia ulianza kwa Kiswidi ukaishia kwa Kihispania. Sisi watoto wa Kiswahili tulijua kutukana kwa lugha hiyo kabla hatujajua kuamkia kwa lugha yetu, jambo ambalo baba aligundua siku aliyokuja kutazama mechi, akarudi nyumbani kabla ya mapumziko. Chini ya jengo letu walikuwa na chumba chao cha mikutano, ukutani ramani ya nchi ndefu, nyembamba kama mshipi. Wanaume walikaa humo wakibishana kuhusu serikali watakayounda wakirudi. Siku ya taifa lao wanawake walicheza wakipeperusha leso, na mwaka mmoja mama yangu akavua khanga ya begani akaingia kati, kiuno cha Tanga kikafanya kazi yake. Walipiga makofi mpaka mabomba yakatetemeka.

Mama aliletwa na baba, mwanafunzi wa uhandisi, kwa makubaliano ya miaka mitatu tu kisha nyumbani. Majira yake ya baridi ya kwanza hakuwa na wa kuongea naye ila redio asiyoielewa na mimi niliyekuwa tumboni. Basi Jumapili moja akasikia harufu ya bizari nyembamba. Kwa mama, penye bizari nyembamba pana pilau, na penye pilau pana Mswahili. Akajitanda khanga, akapanda ngazi akifuata pua, akabisha kwa sauti yake yote: "Hodi hodi, wenyewe!" Mlango ukafunguliwa na mwanamke mfupi, unga hadi viwikoni, tumbo lake nalo limemtangulia. Hakuelewa neno. Mama anasema alitaka kulia palepale. Yule mwanamke hakuuliza kitu, alimshika mkono akamkalisha jikoni.

Kilichonukia kilikuwa empanada, ambayo mama mpaka leo anaiita sambusa iliyoshiba: nyama, vitunguu, bizari, kipande cha yai, zaituni moja na zabibu kavu. Mama aliuliza kwa mikono ni nyama gani. Mwenzake akaweka vidole viwili kichwani mithili ya pembe, akalia muu. Haikutosha, maana ng'ombe naye sharti awe amechinjwa ipasavyo, kwa hiyo wiki iliyofuata baba alitumwa mjini kununua nyama ya halali, ikapelekwa juu, na tangu hapo zetu zilipikwa kwenye sufuria yake peke yake. Baada ya miezi michache alizaliwa Paola, kisha nikazaliwa mimi, na kwa desturi yetu mama akamwita mwenzake Mama Paola. Naye akamwita mama yangu Mama Rehema, akiamini ndilo jina lake alilopewa na wazazi.

Zile empanada zilishuka kwetu juu ya sahani ya udongo wa kahawia, iliyofinyangwa kijijini kwao, chombo pekee cha nyumbani alichokimbia nacho. Na mama alifundishwa tangu utoto kuwa sahani ya jirani hairudi tupu. Ikapanda na vitumbua. Mama Paola, kwa kuwa naye ana kiburi chake, akaishusha na maharage yaliyopikwa kwa mahindi na boga. Ikapanda na mkate wa kumimina. Ikashuka, ikapanda, mwaka baada ya mwaka, hakuna aliyekubali kuwa wa mwisho kupokea. Wachukuzi tulikuwa mimi na Paola, na ushuru wetu tuliutoza ghorofa ya pili, tukiwa tumekaa kwenye ngazi. "Mbona vitumbua vimepungua njiani?" mama aliuliza, akiitazama midomo yetu inayong'aa mafuta.

Nyuma ya mlango wa Mama Paola yalisimama masanduku mawili yaliyokwishapangwa. Siku yoyote habari njema ikija, wangeyabeba tu. Mama alikuwa akimcheka: "Mwenzangu unaishi kama abiria." Lakini juu ya kabati letu kulikuwa na sanduku pia, ndani yake doti za khanga ambazo hazijakatwa, zikingoja miaka mitatu iishe. Ilishapita mara tatu.

Nilipokuwa na miaka tisa, mtawala wao akaachia madaraka. Magitaa yalilia siku tatu kule chini. Watu wazima walikumbatiana wakilia, sisi tukafurahi kwa sababu kulikuwa na soda. Kisha Paola akaniambia, tukiwa palepale kwenye ngazi, kwamba masanduku yameondolewa nyuma ya mlango na tiketi zimekatwa.

Sikulia. Nilipiga hesabu. Sahani wiki ile ilikuwa kwetu. Mama Paola hawezi kuondoka na kuacha chombo chake pekee, na mama hawezi kukirudisha kikiwa tupu. Isipoonekana, hapana safari. Nikaiviringisha ndani ya sweta ya baba, nikaishusha stoo ya chini na kuifukia kwenye boksi la vitabu vyake vya hesabu, ambavyo hata yeye hakuvifungua tena. Mama aliitafuta siku mbili, akageuza makabati, akaninusa kwa macho. Siku ya tatu akaacha kutafuta. Nikadhani amekata tamaa.

Waliondoka asubuhi ya barafu. Sahani yangu haikuzuia hata kiatu. Mama Paola alishuka kuaga, na mama akamng'ang'ania kwenye ngazi akirudia, "Sahani yako, Mama Paola, sahani yako," kwa kile Kiswidi chao walichofundishana wawili, chenye makosa yaleyale. Mama Paola akampangusa machozi kwa kiganja. "Nästa gång, Mama Rehema," alisema. Mara nyingine. Paola hakuniangalia, nami nikatazama viatu vyangu. Jumapili iliyofuata niliamka pua ikitafuta, hakuna kitu. Ndipo nikamweleza mama yote. Nilitegemea kipigo cha kukumbukwa. Alishuka stoo, akaifuta vumbi kwa upindo wa khanga, akaiweka kabatini.

Siku hizi niko jengo lilelile na mama yangu, ambaye magoti yake hayamruhusu tena ngazi, na binti yangu Zuhura wa miaka kumi na mitano. Bibi huuliza kwa Kiswahili, mjukuu hujibu kwa Kiswidi, sikio moja likiwa limezibwa na muziki. Majirani Zuhura anawajua kwa majina ya intaneti zao yanayojitokeza kwenye simu yake. Chakula huletwa na mwenye baiskeli, kwenye kasha la karatasi ambalo halidai kurudi kokote. Nikimsimulia ushuru wetu wa ghorofa ya pili huniuliza kama hatukuwa na friji.

Mwezi uliopita walihamia vijana wawili, mke na mume, kwenye nyumba ileile ya ghorofa ya tatu. Mama akakaanga maandazi, Zuhura akapandishwa nayo kwenye sahani ya kawaida, akinung'unika. Kesho yake sahani ilining'inia kwenye kitasa chetu, ndani ya mfuko, imeoshwa inang'aa, na karatasi ya kushukuru yenye moyo uliochorwa. Mama aliigeuza juu chini, kana kwamba kitu kimejificha mgongoni.

"Ni watu wema, mama," nikasema. "Wameosha."

"Wema sana," akasema. "Wamemaliza." Akanituma nimletee ile ya udongo, akaipakata. "Unadhani ulinificha? Niliiona siku ya pili ile, kwenye vitabu vya baba yako."

Nilikaa chini. "Mbona hukumrudishia?"

"Ningemrudishia, angeondoka."

"Lakini aliondoka, mama."

"Aliondoka, ndiyo," alisema mama. "Ila hakumaliza."

Na ni kweli. Kila Idi simu hulia kutoka Chile, Paola akiwa upande ule na mimi upande huu, tukiwashikia wazee wetu simu. Huulizana magoti, huulizana wajukuu. Sasa mama amebakiwa na Kiswidi kidogo, na Mama Paola amebakiwa na kidogo zaidi, lakini swali la mwisho halijawahi kubadilika. Mama Paola huuliza sahani yake iko wapi.

"Ipo," mama humjibu. "Bado haijajaa."