Wasifu wa Kirenga

Haya yalinitokea mimi mwenyewe, si rafiki ya rafiki yangu, na yalinitokea saa tisa mchana, jua linawaka, sijanywa hata soda. Nauza vifungo, zipu na nyuzi Kariakoo, Mtaa wa Sikukuu. Mtu anayeshinda akitafuta kifungo cha kijani kinachofanana na kijani cha mteja hana muda wa kuota ndoto mchana. Kwa hiyo anayetaka kucheka acheke sasa, amalize, tuendelee.

Jumapili, maduka mengi yakiwa yamefungwa, tulikuwa tunakutana watatu kwenye stoo yangu ghorofani. Tulicheza mchezo ambao Adili, muuza simu wa jengo la pili, alirudi nao kutoka alikosoma nje ya nchi. Mwingine ni Zuhura, fundi cherehani, mteja wangu wa siku nyingi. Mchezo wenyewe ni hadithi. Adili anasimulia: mko msituni, mbele kuna daraja, ng'ambo kuna majitu yanawasubiri. Mimi na Zuhura kila mmoja ana mtu wake aliyemwandika kwenye karatasi, jina lake, kazi yake, nguvu zake, na ndiye anayemsemea. Mtu wako akitaka kuruka au kupigana unarusha dadu, na dadu ndiyo inayoamua.

"Watu wazima na akili zenu?" mke wangu, Upendo, aliniuliza nilipomweleza. Nikamwambia afadhali hivi kuliko kushinda baa, akakubali.

Mtu wangu aliitwa Kirenga. Kijana wa miaka thelathini, mpagazi, mpole, hana kidole kidogo cha mkono wa kushoto kwa sababu siku moja dadu yangu ilianguka vibaya mbele ya fisi. Nilikuwa naye miaka mitatu. Niseme ukweli, nilimpenda. Mimi ni mwoga, mteja akipandisha sauti tu najikuta namwomba msamaha. Kirenga hakuwa hivyo. Nikiwa na jambo zito nilikuwa najiuliza yeye angefanyaje, halafu najaribu kufanya nusu yake.

Jumapili moja Kirenga alibaki nyuma darajani ili mwenzake avuke. Nikarusha dadu, ikaja moja. Adili akasema pole, amekufa. Zuhura alicheka, kisha akaniona uso akanyamaza. Wiki nzima chakula hakikupita vizuri, hadi Upendo akaanza kuhisi nina mwanamke mahali.

Adili, kwa wema tu, akasema tumzike kama watu wanavyozikwa. "Andika wasifu wa marehemu, tuusome, yaishe." Mnajua wasifu unavyokwenda: alizaliwa wapi, alisoma wapi, alifanya kazi gani, kilichomuua ni nini, ameacha nani. Nikauandika dukani, wateja wananisemesha. Nilipofika kwenye "ameacha" nikakwama, maana Kirenga hakuwa na mtu. Sasa wasifu usiotaja wafiwa si ni aibu? Watu watajiuliza marehemu huyu alikuwa mtu wa namna gani. Basi nikaandika majina yaliyokuwa karibu na mkono: ameacha mjane, Upendo, na binti mmoja, Neema. Mke wangu na mwanangu wa miaka tisa.

Jumapili Adili aliusoma akiwa amesimama, Zuhura kajitanda kanga, mimi nimeinamisha kichwa. Mwishoni wote watatu tukaitikia Amina. Na hatukuitikia kwa utani, niaminini, hapo ndipo tulipokosea.

Jumapili iliyofuata nilitangulia kufungua. Nilifungua kufuli zote mbili kwa mkono wangu, nikasukuma mlango, nikakuta mtu amekaa juu ya boksi la zipu.

"Shikamoo," akasema.

Na mimi bila kufikiri nikajibu marahaba. Halafu nikakiona kile kidole kisichokuwepo.

Mnadhani nilikimbia? Nilitaka kumkumbatia. Nilikuwa nimemlilia siku kumi na nne, na sasa yuko mbele yangu, vumbi la safari miguuni. Hiyo ndiyo aibu yangu na siifichi.

"Nyumbani hawajambo?" akauliza.

"Hawajambo."

"Vizuri. Nimekuja kuwachukua."

"Kumchukua nani?"

"Mke wangu na mtoto wangu. Umeandika mwenyewe, ikasomwa mbele za watu, mkaitikia."

Nikamwambia, Kirenga, ule ni mchezo tu. Akaniangalia kwa upole. "Miaka mitatu ulinitanguliza kila penye hatari. Kwangu haukuwa mchezo."

Hakupandisha sauti, wala macho hayakuwaka moto kama mnavyosimuliwa. Alikuwa kama mtu aliyefuata mzigo wake stendi, risiti anayo mkononi. Hilo ndilo lililoniogopesha.

Nikasema nitayafuta yale majina. Akasema nifute, lakini yeye hawezi kufa bila kuacha mtu, niweke wengine. Niweke nani? Zuhura? Watoto wa Adili? Nikaitoa ile karatasi ya wasifu, nikakata jina la Upendo, nikakata la Neema, nikaandika: ameacha kaka mmoja. Nikaweka jina langu. Nilijisikia shujaa kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Yeye akasoma taratibu, akaitikia Amina peke yake, akatabasamu.

"Ahsante, kaka."

Wenzangu walipopanda ngazi walinikuta peke yangu nalia, na boksi limebonyea pale alipokaa. Tangu siku hiyo hatujacheza tena.

Nilimsimulia mama yangu kwa simu, yuko kwetu Rombo. Sikutegemea aamini, lakini alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo umemfanya mdogo wako," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Zamani huku kwetu mwanamume akifa, mdogo wake ndiye anayerithi mjane na watoto. Wewe nilikuzaa peke yako. Sasa mdogo umejitafutia."

Ni mwaka sasa, na hajafanya ubaya wowote. Upendo ananiambia kuna kijana mpole sokoni anayembebea kapu na hataki hela. Neema anasema akitoka shule kuna baba mdogo anamvusha barabara. Nimewakataza wote wawili, wananishangaa, wanasema mbona ni mtu mzuri. Najua ni mtu mzuri. Mimi ndiye niliyemwandika.

Kwa hiyo nyinyi mnaocheza michezo hii, siwakatazi kuwapenda watu wenu wa karatasi. Wakifa, chaneni karatasi mkanywe chai. Msiwasomee wasifu, na msimwandike mtu aliye hai kuwa ndugu yao. Mimi siku hizi nakula mboga za majani, natembea kwa miguu kila asubuhi, siruki kliniki hata siku moja. Juzi Neema aliingia dukani na begi lake la shule, akanipa salamu alizotumwa njiani.

"Baba, baba mdogo anauliza presha yako inaendeleaje."