Mume Wangu Alivyowatetea Wapinzani wa Maziwa Yetu

Mume wangu alikuwa hodari wa kubishana, na mimi ndiye niliyeolewa na ubishi huo. Kila Jumamosi mchana, katika ile miaka ya hamsini, wanaume wa Masisi waliosoma misheni walikutana katika darasa tupu, wakapewa mada, wakagawanywa pande mbili. Huko alifundishwa kanuni moja aliyoipenda kuliko chakula: usimjibu mpinzani kabla hujaeleza hoja zake vizuri kuliko anavyozieleza mwenyewe. Ukishamaliza, ndipo unazibomoa. Niliisikia mpaka ikanichosha. Nikisema paa linavuja, kwanza alinieleza kwa nini mtu angeweza kudhani halivuji.

Ningevumilia, kama si ng'ombe. Tulikuwa na wanne wa maziwa. Wawili tulipewa na baba mkwe, wawili nilikuja nao kutoka kwetu nilipoolewa. Mwaka ule baba mkwe alisema majani ya kilima chetu ni machache mno kulisha ng'ombe ambao maziwa yao yanaishia matumboni mwetu. Tusipopata mnunuzi wa kila siku kabla ya mvua, wote wataenda kwa shemeji yangu kule Burungu. Wote wanne, na wangu wakiwemo. Hakuna aliyeniuliza.

Basi tukasikia kwamba shamba la pareto chini ya kilima linatafuta mtu wa kuleta maziwa ya jiko la wafanyakazi. Mwenye kuamua alikuwa kapita, yaani msimamizi wa jiko, mtu mpole mwenye haraka nyingi. Mume wangu alijiandaa siku tatu. Siku ya nne tukashuka, yeye na koti lake, mimi na kibuyu changu. Kwetu mwanaume hukamua, lakini maziwa yakishatoka kwenye kiwele ni ya mwanamke: ndiye anayeosha vibuyu, anayevifukiza moshi, anayejua maziwa yapi yatalala bila kuharibika na yapi hayatalala. Mume wangu hakuwahi hata kukizibua kibuyu kile. Lakini msemaji alikuwa yeye, nami nikaketi kando ya mlango kama ilivyotakiwa.

"Kapita," akaanza, "tutangulize wale wenye kusema usikamate maziwa yetu."

Hakuna mtu aliyekuwa amesema hivyo. Akaeleza kwamba njia yetu ina utelezi, kwamba kijito hujaa, kwamba maziwa yanaweza kuchacha kabla ya saa sita, na kwamba kuna mfugaji mwingine anayekaa karibu na barabara ambaye angeyafikisha upesi. Alimsifu mtu yule mpaka nikatamani kununua maziwa yake mimi mwenyewe. Kapita alikuwa anakubali kwa kichwa, hoja baada ya hoja. Nikakohoa. Nikakohoa tena. Mume wangu akainua kidole kuonyesha kwamba sasa majibu yanakuja, na kengele ya kazi ikalia.

"Papa, umesema muzuri sana," kapita akasema akisimama. "Miye sikukuwa najua njia yenu iko mubaya vile. Nitaongea na ule wa karibu na barabara."

Tukipanda kurudi, mume wangu alisema kilichomwangusha ni muda. Nilikuwa na hasira ya kunifikisha juu ya kilima bila kupumzika.

Jioni ile nilifukiza kibuyu changu kizuri zaidi, nikamimina maziwa, nikakiziba. Asubuhi nikashuka peke yangu, bila kumuaga mtu. Njiani nilipanga maneno, na lazima nikiri kwamba niliyapanga kwa kanuni yake. Ila katika zile hoja zote nilichukua moja tu, ile ambayo kapita mwenyewe alikuwa anaiogopa. Namshukuru Mungu alikuwa bado hajamwita yule mwingine.

"Kapita, unaogopa maziwa yetu itachacha mu njia."

"Njo ile, Mama," akakubali.

"Kunywa."

Akanywa. Akaongeza.

"Iko ya leo asubui?"

"Ya jana jioni. Imelala kwetu, na imetembea ile njia mubaya."

Akaniambia nianze Jumatatu. Ng'ombe wakabaki, na baba mkwe akampongeza mume wangu.

Hata hilo ningelimeza. Lakini Jumamosi iliyofuata wanaume walipewa mada: je, mwanamke anaweza kufanya biashara bila mume wake? Mume wangu alipangiwa upande wa kukataa, na akashinda. Alirudi amejaa furaha, akaketi, akaomba maziwa, akaanza kunieleza hoja zake zote, kuanzia ile ya kwamba sisi wanawake hatujui kusema mbele ya watu.

"Unaamini ile maneno?" nikamuuliza.

"Hapana," akasema, akishangaa kwamba naweza kuuliza. "Lakini ilikuwa maneno ya nguvu, Mama."

Nilimpokonya kikombe kabla hakijamfika mdomoni, nikayarudisha maziwa kibuyuni.

"Hii iko ya kapita," nikamwambia. "Na kapita ananunua kwangu."