Upinde ya Pembe Juu ya Mafiga

Baba yangu alikuwaka mutu wa pori, na upinde yake ililalaka juu ya mafiga. Kwetu upinde inakaa mu moshi. Moshi inafukuza badudu, muti inakauka, inakuwa nguvu. Mpaka leo, mu nyumba yangu ya Ngezi, hapa Bunia, ile upinde iko juu ya moto. Ni vile nilizoea, na ni vile nilifanya kosa.

Niko napikia Bashinwa, batu ba China benye banatengeneza barabara, sasa mwaka ya sita. Mumoja wao, fundi wa mashine, mutu wa miaka karibu makumi sita, iko na upinde ya kwao. Haiko muti moja sawa ya baba. Iko muti katikati, pembe ya nyati ku tumbo, mishipa ya nyama ku mugongo, na kole, ile gundi, ndiyo inashika yote. Mwalimu wake ndiye aliitengeneza, na ule mwalimu alishakufa.

Kila siku ya posho, ndiyo jumamosi, kisha kazi, alikuwa anapiga mishale mu fungu ya majani. Siku moja niliacha sufuria, nikaenda kumuangalia. Alikuwa anavuta kamba na kidole gumba, na pete ya pembe mu kile kidole.

"Papa, kwetu tunavuta na vidole mbili."

"Na nyama munapata?"

"Tunapata."

"Kuja, onyesha."

Nilivuta. Mushale ilienda kuanguka juu ya manjanja, mabati ya depo. Alicheka mpaka akakaa chini. "Mama, nyama iko inalala ku manjanja."

Kutoka pale alianza kunifundisha. Miye nilijifunza kuandika nikiwa mukubwa, mu masomo ya mangaribi, batoto yangu bakiwa banasoma mchana. Basi kaye ya kuandikia siiogopi. Niliandika yote: namna ya kusimama, namna ya kupumua, namna Bamongolia banashika mushale, namna Bakorea banashika. Aliniambia hata kwao, batu benye banajua kutengeneza ile upinde bamebaki bachache.

Bamama ba kanisa balinicheka. "Mama shemasi, unaenda vita na nani?"

"Na uvivu yenu," nikabajibu.

Alipoenda konje, kupumuzika kwao, aliniachia upinde. "Maji ndiyo adui yake. Uiweke mahali pakavu."

Ilikuwa wakati ya mvua. Mu Ngezi ile wakati hata chumvi inageuka maji. Nilitafuta mahali pakavu mu nyumba yangu, nikaona moja tu. Sikuuliza mutu. Niliitundika juu ya mafiga, pembeni ya ile ya baba, na kila siku chini yake nilipika maharagi. Juma mbili zikapita. Niliposhusha, pembe ilikuwa imeachana na muti ku nchani, sawa kiatu yenye imefungua kinywa.

Bwana yangu akasema, "Sema ni panya."

"Panya haiyeyushe kole."

Nilisali ile siku, na nikakata shauri: nitamwambia fundi siku anarudi, mbele hajakunywa chai. Mu kaye yangu iliandikwa kama kole ya kwao inatoka mu kile kifuko ya hewa yenye iko ndani ya samaki. Nilipigia dada yangu simu, yeye iko anauzisha samaki ku ziwa, Mahagi-Port. Nikamwomba vifuko vya kapitene, ile samaki kubwa.

"Bunia munakosa chakula mpaka mukule hewa?" Lakini alituma.

Fundi akarudi. Niliweka upinde ku meza. "Papa, ni miye niliharibu. Niliitundika juu ya moto. Vifuko vya samaki vya kutengeneza kole viko."

Aliibeba, akaenda nayo. Siku mbili hakunisalimia. Ya tatu akaingia mu jikoni. "Samaki iko wapi?"

Tulipika kole mu sufuria ndani ya sufuria, maji ya vuguvugu tu, isichemke. Hiyo sikuhitaji kufundishwa. Akapaka, akafunga na kamba, tukaiacha mu chumba bila moto miezi tatu.

"Ikipasuka sina ingine," alisema. "Na mwenye kuitengeneza haiko tena."

Siku ilifika. Tuliikunja batu mbili, kamba ikaingia. Akanyoosha mukono aikamate. Nikakataa.

"Hapana, papa. Ikipasuka, ipasuke mu mikono ya mwenye aliharibu."

Akarudi nyuma.

Nilivuta. Ililia kidogo, nikaachilia. Mushale ilifika mu majani, chini, bila nguvu. Akakuja, akapitisha kidole ku pembe kutoka mwanzo mpaka mwisho.

"Umevuta nusu," akasema. "Nusu haituonyeshe kitu."

Nikaweka mushale ingine. Ile mara nilivuta mpaka kamba ikagusa sikio, nikaishikilia pale, upinde nzima imekunjika mbele yangu, mpaka aliposema yatosha.