Mafuta ya Mbarika Yasiyoona Moto

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hunirudia kila nionapo kijana akijipaka mafuta kidevuni. Ilikuwa Jumamosi, huko kwetu Ruiru, mwaka mmoja kabla ya Waingereza kutangaza Dharura ya 1952. Siku hiyo nilisimama kando ya moto, nyama ikiiva, nikijua kwamba watu wale wakiila huenda wakafa, na ulimi wangu ukakataa kabisa kusema.

Nitakueleza polepole, maana hata kuandika naandika polepole.

Nilikuwa kijana wa miaka kumi na minane hivi, mwenye haya kupita kiasi. Nilikuwa tayari kuzunguka shamba zima ili nisikutane na watu watatu wa kusalimia. Wenzangu walikuwa wameota ndevu, na mimi nilikuwa na nywele chache tu upande mmoja wa kidevu, kama nyasi kwenye mwamba. Rika langu Njoroge hakunipa nafasi ya kupumua. Tukiwa tunachuma kahawa alinipigia kelele mbele ya wasichana, "We Kamau, hicho ni kidevu ama ni yai la bata?" Wasichana walicheka, na Nyambura, binti wa jirani yetu Mzee Gathogo, alicheka kuliko wote. Kicheko chake kiliniwasha kama upupu.

Wiki hiyo nilitumwa Thika kununua misumari. Huko nilimwona seremala mmoja mwenye ndevu nyeusi, zinang'aa kama sahani ya santuri. Mteja akamuuliza anapaka nini. "Mbarika tu," akasema. "Najitengenezea nyumbani." Basi. Sikumuuliza anatengenezaje. Kuuliza si ujinga, lakini mimi nilichukua misumari yangu nikaenda zangu.

Kwetu mbarika ilijiotea ovyo kando ya mto, na Cucu, yaani nyanya yangu, ndiye aliyejua kuitengeneza. Alizikaanga mbegu katika chungu, akazitwanga, kisha akachemsha unga wake kwa maji mengi tangu asubuhi mpaka jua la adhuhuri. Mafuta yalipoelea aliyaengua kwa kibuyu, akayarudisha motoni mpaka maji yote yakauke na mafuta yaache kulia. Mwisho aliyachuja. Mashudu yaliyobaki aliyafukia katika shimo refu, na mtoto aliyesogea karibu alifukuzwa kwa fimbo. Yote haya nilikuwa nimeyaona tangu utotoni. Ila sikuwahi kuuliza kwa nini moto mwingi hivyo, wala kwa nini shimo.

Sasa, harufu ya mbarika ikikaangwa hufika ng'ambo ya mto. Nikawaza: nikikaanga, Cucu atataka kujua ni ya nini, Njoroge atasikia, Nyambura atasikia. Nikaamua kutengeneza mafuta bila moto.

Ijumaa, Cucu akiwa shambani, nilimenya mbegu mbichi, nikazitwanga, nikazifunga katika kitambaa cha gunia la unga, nikakamua mpaka viganja vikauma. Nilipata mafuta ya kufunika kitako cha chupa. Nikajipaka. Kinu nilikiosha mara tatu, na kwa hilo peke yake namshukuru Mungu. Mashudu niliyaweka juu ya jani la mgomba ili nikayafukie. Mara nikasikia Cucu akikohoa mlangoni. Nikayasukuma yote chini ya ua uliotutenganisha na jirani, upande wa Mzee Gathogo, nikajiambia nitayafukia kesho.

Kesho yake saa sita nilisikia kelele kwa jirani. Beberu wake mkubwa alikuwa amelala chini, anasaga meno, anaharisha, miguu haina nguvu. Nilikimbia kwenye ule ua. Jani la mgomba lilikuwa pale, limelambwa likawa safi.

Wakati ule ule ningepaswa kusema. Lakini kusema kulimaanisha kueleza mashudu yametoka wapi, na mbarika ilikuwa ya nini, mbele ya baba yake Nyambura. Nikajiambia labda mbuzi atapona. Nikaenda kuchota maji, ndoo mbili, ingawa hayakuwa yakihitajika.

Niliporudi, Mzee Gathogo alikuwa amekwisha kuamua. Mbuzi anayekufa huwahiwa na kisu, ndiyo ilikuwa desturi, kwa kuwa mzoga hauliwi. Beberu alikuwa ameshachunwa. Majirani walikuwa wameitwa, wengine wamekuja na chumvi mfukoni. Mbwa wa mzee alikuwa kando akila alichotupiwa kutoka tumboni mwa yule mbuzi. Nyama ilikuwa juu ya moto.

"Kamau, karibu!" Njoroge akaita. "Leo utakula mpaka uote ndevu!"

Wakacheka. Nilifungua mdomo nikasema, "Msile." Sauti haikutoka. Nikasema tena. Mama mmoja aliyekuwa karibu akaniuliza, "Unataka chumvi?" Nikatikisa kichwa. Mzee Gathogo akageuza nyama, akaibonyeza kwa ncha ya kisu, akachukua figo akaikata. Kipande cha kwanza akampa Wairimu, kitinda mimba wake, mtoto wa miaka minne. Wairimu akakipuliza kwa sababu kilikuwa moto. Akakipuliza tena. Akakipeleka mdomoni.

Nilimrukia mtoto yule nikampokonya, nikakitupa jivuni.

Wairimu akapiga yowe. Watu wote wakasema kwa pamoja. Mzee Gathogo akasimama na kisu mkononi. "Unamnyang'anya mtoto chakula? Umelogwa wewe?"

"Ni mbarika, Mzee," nikasema. Machozi yalikuwa yamenitoka tayari. "Alikula mashudu yangu. Mabichi. Nilikuwa natengeneza mafuta."

"Mafuta ya nini?"

Nikamtazama, nikatazama chini. "Ya ndevu."

Mtu mmoja akacheka, akagundua yuko peke yake, akanyamaza. Mzee akaangalia wale watoto waliokuwa wamejipanga kungoja zamu. Akainama, akaondoa nyama motoni kipande baada ya kipande. "Leteni jembe," akasema. Nilichimba shimo mwenyewe, refu kunipita kiuno, na nyama yote ikaingia humo. Mpaka leo sijui kama nyama yenyewe ingeua mtu. Lakini yule mbwa alianza kutapika kabla ya jua kutua, na Jumapili asubuhi, watu wakienda kanisani, alikuwa amekufa.

Cucu hakunipiga. Aliifungua ile chupa, akanusa, akaimwaga shimoni. "Kwa nini hukuniuliza?"

"Niliona haya, Cucu."

"Haya!" akasema. "Mimi niliyekuosha matako ukiwa mchanga, leo unanionea haya kwa sababu ya kidevu? Mjukuu wangu, sumu ya mbarika huuawa na moto. Lakini hiyo ya kufunga mdomo, dawa yake mimi sina."

Jioni ya Jumamosi hiyo alinishika mkono tukaenda kwa Mzee Gathogo, nikaomba msamaha kwa sauti ambayo watu wa nyumba yote waliisikia. Mzee alisema, "Umechelewa. Lakini hukuchelewa kabisa." Kisha akanipa uji, na Wairimu akakataa kukaa upande wangu. Nyambura naye, kama unataka kujua, aliolewa na mtu wa Thika ambaye hakuwa na ndevu hata moja.

Siku hizi nasikia vijana wa Juja na Membley wanachanganya mafuta ya ndevu jikoni mwao. Ni vizuri, sikukatazi. Mafuta ya mbarika ni mazuri, tena ndevu huyapenda. Ila kama hujui kuyapika, yanunue yaliyokwisha kutengenezwa, na mbegu mbichi usicheze nazo, wala usiziache mahali mtoto au mnyama anaweza kufika. Na anayejua ukimwona, muulize mpaka achoke na wewe. Wazee wetu walisema mwerevu ni aliyeshauriwa.

Lakini hilo ndilo dogo. Waswahili husema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na ni kweli. Mimi lakini niliona kwamba ulimi uliolala nao huangusha watu. Ukikosea, mwanangu, sema upesi. Sema saa sita, usingoje nyama iive. Utachekwa, na kicheko kitauma, kisha kitapita, kwa sababu watu wana mambo yao ya kufanya. Ungemwacha mtoto ale ili usichekwe, hilo lisingepita. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kosa lililofichwa laweza kumchukua asiyekuwa na kosa.

Mungu akupe ndevu akipenda, na asipopenda akupe uso usioogopa watu. Kinywa chako kifunguke mapema siku ya kosa lako, na nyumba yako isizike mtu kwa sababu ya neno ulilonyamazia. Enda na amani.