Kijiti cha Pamba na Shikamoo Mbili

Kwetu Nyahanga mimi ndiye mtu wa nyumbani. Nikifika sokoni Nyasubi nimeshasafiri. Nikirudi nataka maji ya kunywa na mtu wa kuniuliza habari za huko. Kaka yangu, aliyenizidi miaka sita, alikuwa kinyume changu. Alizunguka machimbo ya dhahabu ya upande wa Geita tangu ndevu hazijamjaa, na kila akirudi alinisimamisha mlangoni nimwamkie mara mbili.

"Shikamoo."

"Marahaba. Lete nyingine."

"Nyingine ya nini?"

"Wewe toa tu. Za kwangu ni mbili."

Nilitoa, maana alikuja na samaki wa Nkome, na mimi kwa samaki sina msimamo. Nilidhani ni maringo ya wachimbaji.

Masika ya mwaka juzi duara lao, yaani shimo walilokuwa wakichimba, liliingia maji, na matimba yaliyoshikilia kuta yakaachia. Watu walitolewa baada ya siku nyingi, na majini uso wa mtu haudumu. Nguo nazo zilitupoteza. Kule chini hakuna nguo ya mtu: anayeingia zamu anavaa kaptula na shati alilolikuta limekauka. Shati la kaka, tulilomnunulia sisi wenyewe, lilivuliwa kwenye maiti ya mtu mfupi ambaye mkewe alimtambua kwa meno. Ikabaki maiti moja ndefu isiyo na wenyewe. Tukaambiwa hiyo itapimwa vinasaba. Baba alishafariki, kwa hiyo aje mama mzazi, au ndugu wa baba mmoja mama mmoja.

Mama aliinuka palepale kutafuta kitenge. "Naenda mwenyewe."

Hapo elimu yangu ya kidato cha nne ikajitokeza. "Mayu," nilimwambia, kama tunavyomwita mama kwa Kisukuma, "na magoti hayo utafika wapi? Kaa. Mimi na yeye ni damu ileile. Baiolojia nimeisoma."

Sikutaja kwamba nilipata D, na hiyo D nilipewa na swali la panzi.

Mama alisimama na kitenge mkononi. "Ulisoma ukafika wapi?"

"Mpaka mwisho."

Dada yetu mkubwa, aliyekuja kutoka kwa mumewe kukaa nasi kwenye msiba, alisema bila kugeuka kutoka jikoni, "Mwache mama aende."

"Dada, wewe koroga uji."

Nikaenda hospitali. Wakanisugua ndani ya shavu kwa kijiti cha pamba, nikarudi nyumbani nikitembea kama mtu aliyechangia ujenzi wa taifa.

Wiki kadhaa baadaye tukaitwa kusikia majibu, na safari hii mama hakuniuliza. Tulikwenda watatu, mimi, yeye na dada. Mtaalamu alikuwa kijana mpole. Alimwamkia mama, akavuta kiti, akaanza kutueleza taratibu.

"Humo ndani watu tunafanana karibu kila kitu. Kuna sehemu chache tu ambapo mtu hutofautiana na mwenzake, na kila mtoto huzipokea kwa mama na kwa baba. Hizo ndizo tunazoziita alama. Tunazosoma sisi hazikupi pua wala rangi. Zinatuonyesha tu zimetoka kwa nani."

"Kama ng'ombe anavyokatwa sikio," alisema mama.

"Karibu hivyo, bibi."

"Sikio la ng'ombe anakata mwenye ng'ombe. Hili la mtu kakata nani?"

Kijana akatabasamu kidogo, kisha akatazama karatasi na tabasamu likaisha. Alisema baadhi ya alama zangu zinakaribiana na za marehemu. Lakini zipo zinazotoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume, na huyo kwa mwanawe, bila kubadilika sana. Za watoto wa baba mmoja lazima zioane. Zetu hazioani hata kidogo.

"Kwa hiyo, kama baba yenu ni mmoja, huyu si kaka yako. Atazikwa na serikali kama mtu asiyejulikana."

Mimi nilisikia neno moja tu: si kaka yako. Nilipiga paja nikacheka. Basi yupo hai. Atakuwa kahamia machimbo mengine, simu kaiuza, mtu yule ndivyo alivyo. Nilishaanza kupanga matusi nitakayompokea nayo. Nikageuka nione furaha ya mama.

Mama alikuwa anatazama sakafu. Dada alikuwa analia, na haikuwa furaha.

"Mama," alisema dada, "watamzika peke yake."

"Nimesikia," mama alijibu. Kisha akamwambia yule kijana, "Huyo maiti ni mwanangu. Nipimeni mimi. Huyu mliyempima si wa tumbo langu."

Niligeuka nione anamsema nani. Chumba kile kilikuwa na watu wanne.

"Ni wangu mimi," dada alisema. "Nilikuzaa nikiwa nyumbani, sijaolewa. Yule mwanamume hakutoa ng'ombe hata mmoja, na kwetu mtoto wa namna hiyo ni wa baba wa binti. Baba akakuandika wake. Tukahama kijijini kule Shinyanga, tukaja mjini, na hapa hakuna aliyeuliza."

Nilitaka kusema kitu cha mtu aliyesoma. Nilichokisema ni, "Na uji nilikuambia ukoroge."

Mama alifungua kinywa, kijana akapitisha kijiti. Siku za kungoja mara ya pili sikumwita mtu yeyote kwa jina lolote. Nilikuwa nakohoa tu mlangoni hadi mmoja wao ageuke.

Majibu yalioana. Yule mrefu alikuwa wetu, na tukamleta Nyahanga tukamzika. Ilipofika zamu yangu ya kutupa udongo ndipo hesabu ilipokamilika. Nilipozaliwa yeye alikuwa na miaka sita. Aliliona tumbo la dada. Alijua siku zote kwamba kwangu ni kaka, na ni mjomba.

Nikampa shikamoo ya kaka. Ile ya pili niliichelewesha kidogo, kwa ubishi, nikisubiri anidai.