Nilivyoipeleka Machakos Hadubini Isiyofunguliwa

Sikwenda Machakos kutembea. Nilikwenda kwa sababu nilikataa kutia sahihi uongo, na mkono ukishakataa kuandika, lazima mdomo uende ukaseme.

Mambo yalikuwa hivi. Nafundisha sayansi Gredi ya Sita katika shule ya umma karibu na bwawa la Masinga. Mjini Machakos kuna kikundi cha wafanyabiashara na wazazi wanaotoa ruzuku ndogo kwa walimu wa shule kama yetu. Unaandika barua, unaeleza darasa lako linakosa nini, na wakikubali wanakununulia. Mimi niliomba hadubini moja tu.

Aliyenifanya niombe ni msichana wa darasa langu, Mwende. Siku hiyo nilikuwa nimechora amiba ubaoni kwa chaki. Mwende alikuwa ametoka kuugua tumbo wiki nzima. Akainua mkono. "Mwalimu, huyu ndiye anakaa kwa maji yetu ya bwawa?"

"Yeye na wenzake," nikamjibu.

"Na wewe umewahi kumwona?"

Miaka kumi na miwili nafundisha, na sikuwa nimewahi. Chuoni tulikuwa na hadubini moja. Tulipanga laini, na zamu yangu ilipofika kengele ikalia. Mkufunzi akaifunika, akaenda zake kunywa chai. Tangu siku hiyo nachora nilichokiona kitabuni, na watoto wananakili nilichochora.

Basi hadubini ikaja, watoto wakaimba hadi sauti zikawakauka. Mwalimu Mkuu, Bwana Mutua, akaipokea kwa mikono miwili, akaiingiza katika kabati la ofisi yake, akafunga kufuli. Ikakaa humo muhula wa kwanza na wa pili, ndani ya katoni yake na utepe wake, na juu yake kitambaa cha kufuma. Nikienda kuiomba: "Tungoje mgeni rasmi aje aizindue." Nikirudi: "Watoto wataivunja. Kitunze kikutunze, Mwalimu."

"Sasa hii inatutunza vipi ikiwa kabatini?" namuuliza. Anasoma gazeti.

Si mtu mbaya. Miaka ya nyuma watoto walivunja redio ya shule, na bodi ikamweka kikaoni kutwa nzima ikimhoji utadhani ameiba. Tangu hapo kila kitu kipya kinachoingia shuleni anakihesabu kuwa kesi inayomngoja. Namhurumia, kweli. Lakini hofu ni yake, na wanaoilipia ni watoto wangu.

Kisha barua ikaja: kila mwalimu aliyepata ruzuku afike Mumbuni, mjini Machakos, Jumamosi, na kifaa chake pamoja na ripoti. Mwalimu Mkuu akaandika ripoti mwenyewe. "Wanafunzi wa Gredi ya Sita huitumia hadubini kila wiki." Akabandika picha ya watoto wamesimama nyuma ya katoni, meno nje. Akanipa kalamu.

"Sitii sahihi," nikasema.

"Unataka shule ikose ruzuku ya mwakani?"

"Nataka kwanza tuipate hii ya mwaka huu."

Akavua miwani. "Nenda nayo basi. Lakini ukirudi bila ripoti kukubaliwa, sayansi nitampa mwalimu mwingine. Na katoni isikwaruzwe!"

Nikasema moyoni, liwalo na liwe.

Ijumaa, saa nane mchana, nilitoka shuleni na katoni kifuani, nimeifunga kwa leso. Aliyenibeba kwa bodaboda ni Kioko, babake Mwende. Aliponiona tu akaanza.

"Hongera, Mwalimu! Ni mvulana ama ni msichana?"

"Ni hadubini, Kioko. Endesha."

"Hii ndiyo ile? Na inafanya kazi gani?"

"Inakaa kabatini."

Alicheka tukipita wauza samaki kando ya barabara, na mbuzi waliokataa kutupisha. Halafu kicheko kikakatika. "Mwende aliniambia mtawaonyesha wadudu wa maji. Hiyo ni tangu Januari." Vumbi lilikuwa jingi, nikajifanya limeniingia mdomoni. Aliponishusha kwenye lami, alilegeza leso, akaangalia utepe wa katoni, akaifunga tena vizuri. "Usirudi nayo ikiwa imefungwa hivi, Mwalimu," akasema, akawasha pikipiki.

Saa kumi na mbili jioni, baada ya kubadilisha magari mara mbili, nilifika Muthetheni kwa Nduku. Nduku tulisoma naye chuo. Anafundisha Gredi ya Nne, na yeye pia alipewa ruzuku: vitabu vya hadithi arubaini. Alinipakulia muthokoi, mahindi ya kukobolewa na maharagwe, moto moto, tukala, tukasengenya waume wa watu. Lakini nilipomuuliza kesho tunaondoka saa ngapi, akaweka kijiko chini.

"Mimi siendi. Nimetuma neno kwamba naumwa."

"Unaumwa na nini?"

Akaenda chumbani, akarudi na kiondo, akamwaga vitabu mezani. Asi! Sijawahi kuona vitabu vimechoka namna ile. Majalada yameshonwa kwa uzi wa gunia. Kurasa zimebandikwa gundi ya ugali. Kimoja kilikuwa na alama ya sufuria, kingine kilikuwa na jani la sukuma wiki limekaukia katikati ya hadithi.

"Barua inasema vifaa viletwe vikiwa katika hali nzuri," Nduku akasema. "Niliwaruhusu waende navyo nyumbani kwa zamu. Hiki kimesomewa nyanya mpaka uji ukakimwagikia. Sasa nitasimama mbele ya watu wa Machakos niseme nini?"

"Na watoto wako wanasoma?"

"Wanasoma wapi! Wanapigania!" Hapo akacheka bila kutaka. "Kuna mmoja alikuwa hajui hata *ba be bi*. Sasa anamsahihisha babake kanisani."

Nilimsihi mpaka nikachoka. Nduku ni mkaidi kunishinda mimi, na hilo si jambo dogo. Asubuhi nikichukua leso yangu, akanipa kile kitabu cha uji. "Nenda nacho. Wakicheka, waambie ni changu."

Jumamosi, saa tatu asubuhi, nilikuwa Mumbuni, katika ukumbi wa kanisa ambao kamati ya ruzuku ilikuwa imeuazima. Walimu wengine walishapanga vitu vyao juu ya meza ndefu. Atlasi ndani ya nailoni. Ngoma ambazo ngozi zake hazikuwa na alama hata ya kidole. Ukumbi wote ulinuka duka. Mwenyekiti, Mzee Kilonzo, mwalimu mstaafu mwenye koti la kijivu, alipita akisifu: "Safi! Bado mpya kabisa! Huku ndiko kutunza." Na walimu wanatabasamu. Nikajiuliza ni watoto wangapi wamesimama nyuma ya maboksi mwaka huu ili wapigwe picha.

Akanifikia. "Masinga. Ripoti?" Nikampa. Akaisoma, akaipindua. "Mbona haina sahihi?"

"Kwa sababu si kweli, mzee. Hakuna mtoto aliyewahi kuiona hadubini hii. Hata mimi sijaiona. Angalia utepe."

Neno lilikuwa limeshatoka, na sikuwa na namna ya kulirudisha. Nikaweka kitabu cha Nduku kando ya katoni.

Mzee Kilonzo alikiinua kwa vidole viwili. "Na hii nayo? Nani aliharibu kitabu namna hii?"

"Watoto wa Muthetheni, kwa kukisoma. Mwalimu wao yuko nyumbani anaona haya, kwa sababu mlimwandikia alete vitu vikiwa vizuri. Anaona haya ya nini? Mwenye kuona haya ni mimi, niliyeleta katoni!"

Mwalimu mmoja nyuma yangu akamtaja Mungu, "Ngai!", kwa sauti ya chini. Mzee Kilonzo aliweka kitabu chini taratibu. Alipoongea hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha.

"Mwalimu, naona shuleni kwenu mko na mgogoro. Malizeni kwanza. Hadubini itabaki hapa, tuipe shule ambayo iko tayari."

Akanyoosha mkono kuichukua. Wallahi sikupanga nilichofanya. Nilimwona Mwende na mkono wake juu. Nilichomoa kalamu kwenye nywele, nikaichoma kwenye utepe, nikapasua katoni kutoka mwanzo mpaka mwisho. Sponji nyeupe ikaruka huku na huku. Nikararua nailoni, nikaishika hadubini shingoni, nikaisimamisha mezani na vidole vyangu vimejaa jasho.

"Haya," nikasema. "Sasa si mpya tena. Imeshikwa. Ni shule gani inataka kitu kilichofunguliwa?"

Kikasikika kicheko, kicheko cha tumboni, kutoka mwisho wa meza. Alikuwa Mama Wanjiru, mwanakamati, mama wa Murang'a ambaye ameuza vyombo vya jikoni mjini Machakos mpaka watu wamesahau si Mkamba.

"Mwenyekiti, mwachie," alisema akijifuta macho. "Mimi nauza sufuria. Nikiingia kwa mtu nikikuta sufuria yangu inang'aa ukutani, najua hiyo nyumba wanalala njaa. Ile iko nyeusi chini ndiyo imelisha watu." Akavuta kitabu cha Nduku, akanusa alama ya uji. "Huyu mwalimu wa Muthetheni anapatikana wapi?"

"Hili ni jambo la nidhamu, Mama Wanjiru," Mzee Kilonzo akasema.

"Basi mwadhibu. Lakini aende na kitu yake."

Akaniadhibu kweli. Aliandika chini ya ripoti, kwa mwandiko mzuri wa mwalimu wa zamani: *Imekaguliwa. Imefunguliwa. Shule hii isiombe ruzuku mwaka ujao.* Akanirudishia. "Umeridhika?"

Sikuridhika. Iliniuma, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kuwaza mizani na sumaku. Lakini nilisema, "Asante, mzee," nikafunga hadubini ndani ya leso. Katoni niliiacha pale pale sakafuni. Kitabu alibaki nacho Mama Wanjiru, alikataa kukiachia.

Jumapili, alasiri, baada ya kulala tena kwa Nduku, nilishuka Masinga. Kioko alikuwa kwenye kivuli cha kibanda na waendeshaji wenzake. Aliona leso, akaona haina pembe tena.

"Imefunguliwa?"

"Imefunguliwa."

Alipiga honi kuanzia sokoni mpaka langoni kwangu, watu wakatoka kuangalia ni harusi ya nani. Nikiwa nyuma yake nilikuwa nikihesabu nilichojifunza, maana msafiri lazima arudi na kitu. Nilijifunza kwamba walimu wengi ni waoga si kwa sababu ni wabaya, ila kwa sababu tumezoea kusifiwa kwa kutunza na kugombezwa kwa kutumia. Na nilijifunza kwamba zawadi ya mtoto ikibaki mpya, basi mtoto hajapewa.

Jumatatu, saa nne na nusu, niliiweka hadubini dirishani, kioo chake kikielekea jua. Tone la maji lilitoka kwenye chupa ambayo Mwende aliijaza bwawani asubuhi hiyo. Yeye ndiye aliyetangulia. Alifumba jicho moja kwa kiganja, akainama, akakaa hivyo mpaka wenzake wakaanza kumsukuma.

"Asi! Mwalimu! Kinatembea!"

Laini ikasogea. Mlango ukafunguliwa, akaingia Mwalimu Mkuu na ile ripoti mkononi. Nilikuwa nimeiacha mezani kwake.

"Nani aliifungua?"

"Mimi. Mbele ya kamati. Mwakani hatupewi kitu, umesoma. Ukitaka kunitoa darasa hili, nitoe, lakini hawa wamalize kwanza."

Alitazama vidole vya watoto juu ya hadubini yake. Niliona uso wake ukirudi kwenye kile kikao cha redio. "Na ikivunjika?"

"Ikivunjika itakuwa imevunjikia kazini."

Ndipo Mwende, mtoto yule hana adabu na Mungu ambariki, akamwonyesha kwa kidole. "Mwalimu Mkuu, laini inaanzia kule nyuma."

Bwana Mutua akaikunja ripoti, akaiweka mfukoni, akaenda nyuma. Mimi nikasimama nyuma yake, maana mwalimu hula mwisho.

Kengele ikalia tukiwa tumebaki watoto sita, yeye, na mimi. Watoto wakaacha laini, wakashika daftari, macho kwangu, wakingoja niseme kwaheri. Nilienda mlangoni, nikaufunga.

"Iacheni ilie," nikasema. "Hatoki mtu hapa kabla hajaona."